Mgeni Rasmi Njoo, Mwenyeji Asimame Juani



Kila Julai na Agosti picha za mbio za farasi za Siena, Italia, huzunguka mitandaoni: vumbi linatimka, uwanja umefurika. Na kila mwaka nawasikia wasomi wenzangu wa mjini wakisema, "Wenzetu wanajua kutunza utamaduni. Na sisi tungepata wafadhili..." Hapo ndipo ninapogoma. Hivi tumewahi kujiuliza zile mbio ni za nani?

Zinaitwa Palio, na hufanyika tarehe 2 Julai na 16 Agosti. Mji una mitaa 17 iitwayo kontrada, kwa mipaka iliyowekwa mwaka 1729. Kila mbio huingia mitaa 10. Farasi hugawiwa kwa kura, wapandaji hukaa bila tandiko, wanazunguka uwanja wa mjini mara tatu na kwa kama dakika moja na nusu mambo yamekwisha. Mpandaji akianguka na farasi akafika wa kwanza peke yake, mtaa umeshinda. Zawadi? Bendera ya hariri iliyochorwa. Hakuna hundi kubwa ya mfano, hakuna bodaboda.

Na kwa bendera hiyo watu wazima hulia. Mtaa wa Oca na mtaa wa Torre haziivi kabisa. Ukitaka kuelewa, chukua Simba na Yanga, kisha ongeza kanisa la mtaa, makumbusho ya mtaa, na mtoto kubatizwa kwenye chemchemi ya mtaa wake. Majukwaa na roshani hulipiwa, tena ghali, lakini katikati ya uwanja mtu anasimama bure. Mgeni anakaribishwa. Asipokuja, mbio ziko palepale.

Sasa twende kwetu Munanila, milimani Kigoma, wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Ngoma hutoka lini? Hutoka akija kigogo. Watu wanaitwa saa mbili asubuhi, kigogo anafika saa nane mchana. Yeye na msafara wake wanakaa chini ya turubai na maji ya chupa. Wachezaji, wengine wazee wa watu, wako juani. Wanacheza dakika tano, msema chochote anawakatiza kwa sababu "muda si rafiki", halafu inafuata hotuba ya saa zima. Msafara ukiondoka, ngoma inarudi stoo kusubiri ziara nyingine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mwenyeji tunamwanika.

Ng'ambo tu ya mpaka wetu, ngoma za kifalme za Burundi ziliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais: ngoma hizo ni za shughuli rasmi, nje ya hapo uombe kibali cha wizara, na wanawake wasizipige. Tuliwasikitikia sana Warundi. Lakini ndugu zangu, wao walihitaji amri. Sisi tumefika karibu na hapo hapo kwa hiari yetu, tukipiga makofi.

Najua nitaambiwa Siena ni matajiri. Haya, tuiache Italia, twende Bujora, Mwanza. Wasukuma wana vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu ambavyo vimeshindana tangu enzi za mababu. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na inayovuta watu wengi zaidi ndiyo iliyoshinda. Jaji ni miguu ya watazamaji! Hilo lilihitaji mfadhili gani?

Wala sisemi Siena ni peponi. Farasi wamevunjika miguu na kufa kwenye kona za uwanja ule, na wanaopiga kelele kuhusu hilo wana haki. Munanila haina haja ya farasi. Cha kuiga ni kimoja tu: sherehe iwe mali ya wanaoicheza.

Tuna vitongoji. Tuna msimu wa mavuno. Tuna vijana wanaosukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kwenye milima ambayo wewe wa Sinza huipandi hata mikono mitupu. Kila kitongoji kitoe ngoma yake na baiskeli yake, wanawake kwa wanaume, umati uamue mshindi. Zawadi iwe kitambaa kilichochorwa na fundi wa hapo hapo, kikae kwa washindi hadi mavuno yajayo, walioshindwa wakose usingizi.

Kiongozi akitaka kuja, aje. Asimame na kitongoji alichozaliwa, juani, kama wengine. Hotuba hakuna.

Na wewe msomi unayeipenda Siena, una kwenu. Mara ya mwisho ulichangia nini ngoma ya huko ipigwe siku ambayo hakuna kiongozi anayepita?

Naomba kutoa hoja.