Leta ikisema inatuhitaji, ituonyeshe kazi



Kila mwaka, karibu tarehe 1 mwezi wa saba, madaktari vijana wanaanza kujifunza spesialite mu hospitali za Marekani. Mtoto wa Kongo akipata nafasi kule, amekwisha kusoma miaka mingi na kulipa mitihani kwa dola. Inabaki viza. Na ni pale mlango unafungwa.

Tarehe 27 mwezi wa tano 2025, Marekani ilisimamisha kutoa randevu mpya za viza ya J-1, ile madaktari wengi wanatumia. Ilifungua tena katikati ya mwezi wa sita, siku chache tu mbele ya kazi kuanza. Mwezi uleule jirani zetu wa Burundi wakafungiwa J-1 mpya. Mwezi wa tisa wakasema: kila mtu aombe viza mu inchi yake ao kwenye anaishi. Basi mtu wa Goma hawezi tena kwenda tu Kampala, anatumwa Kinshasa. Na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu mwezi wa kwanza wa mwaka ule! Apite wapi?

Lakini hatutalia juu ya Washington peke yake. J-1 ya daktari inaomba barua ya wizara ya afya ya inchi yake. Barua inasema: inchi inahitaji spesialite hii, na huyu ameahidi kurudi. Kisha masomo, sheria inamutaka akae kwao miaka 2. Wale wanaosema «munakimbia inchi» wasome kwanza hiyo sheria.

Sasa tunauliza: arudi kwenye kazi gani? Hapa kuko madaktari wanatumika bila matrikule, bila mushahara wa Leta, wanagawana tu pesa ndogo ile wagonjwa wanalipa. Sisi tunaoandika haya, diplome zetu ziko mu kabati. Tunajua neno «ngoja». Ndiyo maana wengine wanaomba kusamehewa ile miaka 2, na kwa kubadilisha wanatumika miaka 3 kwenye sehemu za Marekani zenye kukosa madaktari. Kijiji chao kinapata daktari wetu. Shabunda inapata nini?

Tunadai:

1. Barua itolewe ndani ya muda unaojulikana, kwa bei iliyobandikwa ukutani, bila kujuana na mukubwa.
2. Mutu wa mashariki aiombe bila kufika Kinshasa, na serikali yetu ijadiliane na Marekani ili aulizwe maswali ya viza Kampala ao Nairobi.
3. Kila barua ifuatwe na hospitali, matrikule na mushahara vyenye kumungojea.

Barua inayosema «tunakuhitaji» na nyuma yake hakuna kazi, ni uongo wenye muhuri. Hatutaunyamazia.