Maporomoko ya Victoria: Msimu Ndio Bei

Mfanyabiashara aliyevuka Tunduma na kumaliza shughuli zake Lusaka hushawishika kirahisi kuongeza siku moja ili akaone Maporomoko ya Victoria. Hilo si vibaya. Kosa ni kwenda bila hesabu, mwezi wowote, tena kwa fedha iliyokusudiwa kununua mali.

Hesabu ya kwanza ni ya siku. Kutoka Lusaka hadi Livingstone, mji ulio upande wa Zambia, ni zaidi ya kilomita 470, na basi hutumia saa sita hadi saba au zaidi. Kwa hiyo siku moja ya maporomoko ni siku tatu za duka: ya kwenda, ya kutazama na ya kurudi. Mwenye duka achukue faida yake ya kutwa aizidishe mara tatu, kisha aongeze nauli, chakula na malazi. Hiyo ndiyo gharama halisi ya safari.

Hesabu ya pili ni ya msimu, na hapa ndipo wengi huumia. Maporomoko haya yana upana wa mita 1,708 na urefu wa mita 108 kwenda chini, lakini maji yake hupanda na kushuka kama bei ya mahindi. Mto Zambezi hujaa zaidi karibu na Aprili. Wakati huo ule "moshi unaonguruma", ambao ndio maana ya jina la wenyeji, Mosi-oa-Tunya, huwa mzito kiasi cha kuficha maji yenyewe. Ifikapo Oktoba na Novemba, sehemu kubwa ya upande wa Zambia huweza kubaki mwamba mkavu, kama ilivyoonekana katika ukame wa 2019. Upande wa Zimbabwe ndio wenye maji mwaka mzima.

Cha kushangaza ni kwamba bei za malazi hazifuati maji. Watalii wa Ulaya na Marekani huja kwa wingi kati ya Julai na Oktoba, na hoteli nyingi huweka bei za juu miezi hiyo. Anayekwenda Oktoba huweza kulipa zaidi na kuona kidogo. Mei na Juni maji bado ni mengi, mvuke umepungua na msongamano haujaanza. Huko ndiko kununua wakati wa mavuno.

Hesabu ya tatu ni ya mpaka na fedha. Daraja lililofunguliwa 1905 linaunganisha pande hizo mbili na huvukwa hata kwa miguu. Mtanzania haombi viza Zambia wala Zimbabwe, lakini pasipoti ni lazima. Pasipoti hiyo pia ni fedha: upande wa Zimbabwe viingilio vya hifadhi hutofautiana kwa wenyeji, raia wa nchi za SADC na wageni wengine, na Tanzania imo SADC. Asiyeonyesha pasipoti asishangae akitozwa kama mtalii wa mbali.

Zimbabwe ina sarafu yake mpya, ZiG, tangu 2024, lakini katika mji wa Victoria Falls dola ndiyo inayozungumza. Hata soko la hisa lenye jina la mji huo, lililoanzishwa 2020, huuza hisa kwa dola. Ni vema kubeba noti ndogo ndogo, kwani chenji ni shida.

Wapo watakaosema kwamba mtu aliyehangaika mwaka mzima anastahili kupumzika bila kalamu mkononi. Anastahili kweli. Lakini mapumziko hulipwa na faida. Yakilipwa na mtaji, mwenye duka hurudi na picha nzuri na rafu tupu, na mteja aliyekuta duka limefungwa siku tatu hana sababu ya kurudi.

Anayetaka kwenda atenge fedha hiyo kando kuanzia sasa, aandike Mei au Juni kwenye kalenda, na asiiguse fedha ya mali.