Mguu Bandia Si Zawadi ya Siku Moja

Wanachuo wenzangu, picha hizi tumeshazizoea: mheshimiwa kashika mguu bandia, mtoto anatabasamu, makofi yanapigwa. Hafla ikiisha kila mtu anarudi kwake. Swali langu ni moja tu: mwaka unaofuata, mguu ule unakuwaje?

Mguu bandia haununuliwi kama kiatu cha mtumba, ukajaribu namba ukaondoka nao. Kigutu kinapimwa na kufungwa plasta ili kupata umbo lake. Juu ya umbo hilo inatengenezwa soketi, yaani kile kikombe ambamo kigutu kinaingia. Kisha mtu anafundishwa kutembea upya. Soketi ikibana, ngozi inachubuka. Ikilegea, mtu anachechemea. Na kigutu chenyewe hakitulii: miezi ya mwanzo baada ya kukatwa kinasinyaa. Mtoto ndiyo kabisa, anarefuka kila siku na mguu unabaki palepale.

Sasa mfikirie mwanafunzi wa darasa la tano hapa Babati. Akitegemea KCMC, Moshi ni karibu kilomita 250. Hesabu nauli ya mtoto na mzazi, kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na siku za shamba zinazopotea. Yote hayo kwa sababu soketi inabana! Mzazi anapiga hesabu, anachoka. Mguu unaishia uvunguni, mtoto anarudia magongo. Sisi tunaosomea ualimu tutalikuta jina lake kwenye rejista, mwenyewe hayupo, na tutamwandika mtoro.

Najua wapo watakaosema gharama ni kubwa na wataalamu ni wachache. Sawa. Lakini nchi hii si mgeni wa kazi hii. TATCOT, chuo cha wataalamu wa viungo bandia kilichopo KCMC, kimekuwepo tangu 1981 na kimefundisha hata watu wa nchi nyingine za Afrika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023.

Sidai kila mkoa ujenge kiwanda. Nadai kila hospitali ya rufaa ya mkoa, hii yetu ya Manyara ikiwemo, iwe na siku zinazojulikana za kupima, kurekebisha soketi na kubadilisha kamba zilizokatika. Vipimo vichukuliwe Babati, mguu utengenezwe Moshi, ujaribiwe Babati. Na bima ihesabu marekebisho na mguu wa pili na wa tatu, si ule wa kwanza wa kupigia picha.

Kwa hiyo mkialikwa tena kwenye hafla ya kukabidhi miguu, pigeni makofi, hakuna ubaya. Ila kabla ya soda kugawiwa, mmoja wenu asimame aulize: fundi anarudi lini?