MAONI: Laptopu mpya ikikwama kila siku, usikubali jibu la 'ifomati tu'

Siku ya nne. Hiyo ndiyo siku laptopu yangu mpya iliganda kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeandika kurasa tano za pendekezo la mradi wangu wa mwaka wa nne, chai iko kando, wimbo unacheza kwa sauti ya chini. Ghafla wimbo ukageuka mlio mmoja, krrrrr, kishale kikasimama, na saa ya kwenye skrini ikabaki palepale. Nikabonyeza kila kitu. Wapi! Mwishowe nikafinyilia kitufe cha kuwashia hadi ikazima. Kurasa mbili kati ya zile tano zikaenda na maji.

Nilijiambia ni bahati mbaya tu. Kufikia wiki ya tatu, nilikuwa nimeizima kwa nguvu mara 11.

Laptopu yenyewe ilinigharimu Sh48,000. Kati ya hizo, Sh30,000 ni mkopo ambao mamangu alichukua kwenye chama chao, na analipa kila mwezi. Zile Sh18,000 ni doo niliyoweka kidogo kidogo kutokana na kazi ya kuandika maneno ya sauti zilizorekodiwa, kazi ninayofanya mtandaoni usiku. Kwa hivyo usiniambie ni mashine tu. Ni jasho la watu wawili.

Nikairudisha dukani, katikati ya jiji la Nairobi. Kijana wa kaunta hata hakuiwasha. "Siste, hiyo ni kawaida. Itakuwa umeijaza mavitu. Ifomati tu, itakuwa fiti." Nikamuuliza nani atagharamia. Akasema ni Sh1,500, kwa sababu eti waranti haihusiani na mambo ya programu.

Nililipa. Ikafomatiwa. Picha ambazo sikuwa nimehifadhi kwingine zikapotea. Siku mbili baadaye, krrrrr.

Ndiposa leo nataka kusema wazi: hili jibu la "ifomati tu" linatumaliza sisi vijana, na tunalikubali kwa urahisi mno. Ni kama daktari anayempa kila mgonjwa dawa ya maumivu kabla hata ya kumuuliza anaumwa wapi. Sisemi kufomati hakusaidii kamwe. Kukiwa na virusi au faili za mfumo zilizoharibika, kunaweza kusaidia. Lakini kama kilicho kibovu ni kifaa chenyewe ndani ya mashine, unaweza kuifomati hata mara saba na itaendelea kukwama. Kinachofanyika ni kwamba siku zinaenda, pesa zinaenda, na waranti inaisha.

Aliyenifungua macho ni binamu yangu, ambaye husomea masuala ya kompyuta. Sikupata huruma kwake. "Inaganda ukifanya nini?" Sijui. "Ikiwa kwa chaja au bila?" Sijui. "Ikiwa moto ama baridi?" Manze, sijui! Akacheka, akaniambia ninunue daftari la shilingi hamsini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walikuwa na biashara akilini, lakini methali hiyo inaifaa laptopu pia.

Kwa wiki moja nikaandika kila tukio: tarehe, saa, programu zilizokuwa wazi, chaja iko ama haiko, sehemu ya chini ina joto kiasi gani. Mambo yakaanza kujitokeza. Ingekuwa inaganda ikishapata moto, tungeshuku feni au matundu ya hewa yaliyozibwa na blanketi, maana wengi wetu tunafanyia kazi kitandani. Ingekuwa inaganda ikiwa kwa chaja pekee, tungeshuku chaja au soketi. Yangu ilikuwa inaganda hata asubuhi ikiwa baridi, kwa chaja na bila chaja, mara nyingi nikifungua vitu vingi kwa pamoja.

Tukaingia ndani ya mashine. Kama unatumia Windows, kuna ukurasa ambao watu wengi hawajawahi kuuona. Andika perfmon /rel kwenye sehemu ya kutafuta na utapata kalenda ya afya ya mashine yako, alama nyekundu ikionyesha kila siku ilipoanguka. Kalenda yangu ilikuwa nyekundu kama shamba la nyanya. Kwenye rekodi za mfumo kulikuwa pia na ujumbe wa Kernel-Power namba 41. Hapo binamu alinionya. Ujumbe huo hausemi chanzo cha ugonjwa. Unasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu. Msee akikuonyesha namba hiyo na kudai umeharibu mfumo wa stima, mwambie aendelee kutafuta.

Tukasasisha Windows. Tukachukua draiva za skrini na toleo jipya la BIOS kutoka kwa tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, si kwa tovuti za ajabu ajabu. Hiyo ni hatua muhimu kwa laptopu mpya, kwa sababu inaweza kukaa sandukuni kwa miezi mingi huku marekebisho yakitolewa. Kwa watu wengi, tatizo huishia hapo. Langu halikuisha.

Basi tukapima RAM. Andika mdsched, mashine itajiwasha upya na kujikagua yenyewe. Haihitaji bando wala fundi. Baada ya muda, ikatoa ujumbe kwamba imepata hitilafu kwenye vifaa. Nikaupiga picha kwa simu. Sijawahi kufurahia habari mbaya namna hiyo! Wiki sita nilikuwa nikiambiwa nimeijaza mavitu, kumbe mashine ilitoka dukani ikiwa na ugonjwa wake.

Nilirudi nikiwa na daftari, picha na risiti. Yule kijana akageuza risiti na kunionyesha maandishi ya chini: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Hapo ndipo wengi wetu hunywea. Tunadhani sentensi iliyopigwa chapa kwenye karatasi ni sheria.

Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na alichonunua, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Kisha kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012, inayochukulia kwamba muuzaji amekuhakikishia ubora unaostahili hata kama hakutamka neno. Sentensi ya chini ya risiti haiwezi kuifuta haki hiyo. Dukani wanaweza kukataa kukurudishia pesa kwa sababu umechoshwa na rangi. Lakini laptopu inayokwama tangu siku ya nne ni jambo lingine kabisa.

Nilimwambia hayo kwa upole. Sikupiga kelele. Niliomba kuongea na mwenye duka, nikamwekea daftari mezani. Alisoma kurasa mbili, akaangalia ile picha, akamuita fundi wake. Ilichukua siku tisa, lakini RAM ikabadilishwa bila malipo. Tangu siku hiyo haijaganda hata mara moja. Zile Sh1,500 sikurudishiwa, na pole sikuambiwa. Kazi moja ya mtandaoni niliipoteza kwa kushindwa kutimiza makataa, na mteja huyo hajawahi kunitafuta tena.

Najua wauzaji watasema nawaonea. Tuwe wakweli, wana hoja. Kuna mnunuzi anayetaka laptopu ya bei ya chini kabisa yenye RAM ya GB 4, halafu anafungua kurasa 30 za mtandao, filamu, na programu ya kuhariri video, kisha anadai ameuziwa mashine mbovu. Hiyo si mbovu, imelemewa tu. Windows 11 yenyewe inahitaji angalau GB 4, na hicho ni kiwango cha kuiwezesha kuwaka, si cha kukufanya ufurahie. Kuna yule anayeweka programu za wizi zilizojaa virusi, au antivairasi mbili zinazopigana ndani. Kuna stima zetu pia, zinazopotea na kurudi kwa kishindo. Muuzaji ana haki ya kuuliza maswali.

Lakini aulize basi! Shida yangu na "ifomati tu" ni kwamba halina swali lolote ndani yake. Linamtupia mnunuzi lawama kabla ya mashine kuwashwa. Na anayeumia zaidi si yule mwenye laptopu tatu nyumbani. Ni mwanafunzi aliye na moja, iliyonunuliwa kwa mkopo wa chama, na mradi wa kuwasilisha Ijumaa.

Sisi nasi tuna makosa yetu. Tumezoea kuzoea. Simu ikikatika katikati ya mazungumzo tunapiga tena, na laptopu ikikwama tunafinya kitufe na kusonga mbele. Lakini kuzima kwa nguvu si mchezo. Kama mashine ilikuwa katikati ya kuandika faili, faili hiyo inaweza kuharibika, na siku nyingine ni mfumo mzima unaokataa kuwaka. Kwanza subiri dakika chache. Bonyeza Caps Lock uone kama taa yake inabadilika. Ikibadilika, mashine bado inakusikia. Jaribu Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufunge programu iliyokwama. Jaribu Windows, Ctrl, Shift na B, ambazo huiamsha upya draiva ya skrini. Vyote vikikataa, ndipo ufinyilie kitufe kwa takriban sekunde kumi. Na ukishaizima, andika kwenye daftari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tena tunanunua vibaya. Tunauliza bei, tunauliza kama kuna begi la bure, tunaondoka. Kabla hujatoa pesa, iwashe hapo hapo dukani na uitumie walau nusu saa. Hakikisha namba ya usajili iliyo chini ya laptopu ni ile ile iliyoandikwa kwenye boksi na kwenye risiti. Kisha iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Nyingi zitakuonyesha waranti ilianza lini. Ukiambiwa ni mpya na waranti ilianza miaka miwili iliyopita, hapo unauziwa iliyotumika kwa bei ya mpya. Sina ubaya na laptopu zilizotumika, nyingi ni imara kuliko mpya za bei rahisi. Ubaya ni uongo.

Na kama duka litakataa kabisa kukusikiliza? Peleka malalamishi yako kwa maandishi, ubaki na nakala. Mamlaka ya Ushindani Nchini hupokea malalamishi ya watumiaji bidhaa. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza kesi za hadi Sh1 milioni, ambako unaweza kujiwakilisha bila wakili na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Sisemi kila mtu akimbilie kortini. Nasema ni vizuri kujua mlango upo, kwa sababu mwenye duka anajua upo. Ukiongea kama mtu anayejua, mara nyingi huhitaji kufika huko.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Kabla ya kumwambia mteja afomati, fanyeni vipimo viwili: RAM na diski. Hamtapoteza hata nusu siku. Mkigundua kosa ni la mteja, mwonyesheni. Mkigundua ni la mashine, ibadilisheni, nanyi mkadaiane na aliyewauzia. Hilo ni jambo lenu na yeye, si la mamangu na chama chake.

Kwako kijana unayesoma haya ukiwa umeshikilia kitufe kwa mara ya tano wiki hii: hujalaaniwa, na pengine hujaijaza mavitu. Tafuta daftari. Anza kuandika leo, kabla waranti haijaisha.

Mamangu amebakisha awamu nne za mkopo. Juzi aliniuliza kwa simu, "Na ile mashine, siku hizi inafanya?" Nikamwambia inafanya. Ilikuwa mara ya kwanza nimjibu hivyo bila kumdanganya.