Risasi isiyeyushwe katika sufuria ya mboga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wawindaji na wavuvi wenzetu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa.

Mwezi uliopita nilimnyang'anya mwanafunzi wa darasa la tatu kidonge cheusi alichokuwa akikimumunya wakati wa hesabu. Kilikuwa risasi ya gobore. Alinieleza, bila woga, kwamba babu yake huvunja betri kuukuu za gari na kuyeyusha madini yake jikoni, na sufuria ileile jioni hupikiwa mboga. Nilipomwendea mzee alinicheka. Risasi, alisema, humwua aliyepigwa.

Lugha yetu imeyaita madini na kile kitokacho mtutuni kwa jina moja, na labda ndiyo sababu tunadhani risasi ina njia moja tu ya kuua. Madini haya huyeyuka kwa nyuzi 327 za Sentigredi, moto wa kuni unatosha. Mwili wa mtoto huyafyonza mara nne au tano kuliko wa mtu mzima, nayo hudhoofisha ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Sisi walimu mtoto wa namna hiyo tunamwita mzito wa kuelewa, tena tunamchapa.

Huko Thiaroye-sur-Mer, Senegal, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18 mahali watu walipokuwa wakivunja betri. Hakuna hata mmoja aliyepigwa bunduki. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda cha namna hiyo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Nyama nayo ina hatari. Risasi ikimpiga nguruwe mwitu humeguka, na chembe hutawanyika mbali na jeraha, nyingine hazionekani kwa macho. Kukata kidogo kando ya tundu hakutoshi. Denmark ilipiga marufuku marisau ya risasi tangu 1996.

Habari ya vibali vya kuwinda naiachia Idara ya Wanyamapori. Ninaloomba ni kwamba mabwana afya wanaokuja kukagua vyoo vyetu waulize pia juu ya sufuria hizi, na watoto wetu wapimwe damu.

Familia ile nimeinunulia sufuria nyingine. Ya zamani nimeifungia katika kabati la shule, na mzee ananiuliza kila Jumapili nitairudisha lini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbinga.