Nani njo mukubwa kupita wote? Tuulize pia alilipwa nini

Kuko bishano moja yenye haiishake kwetu mu Katanga. Unaisikia asubui mu bisi ya wafanyakazi mbele ya zamu, unaisikia ku Kamalondo kisha balo, na mangaribi unaikuta nyumbani wakati bukari iko ku meza: nani njo muchezaji mukubwa kupita wote wenye inchi yetu ilizaa? Wazee wako na jina lao, vijana wako na lao, na mama wa nyumba anasema: «Mukule kwanza, bukari inapola!»

Hatubishanake bure. Wakati mutu anasema «ule njo mukubwa», anaonyesha pia ni kazi ya namna gani yeye anaheshimu. Njo maana leo ninataka kuingia mu hii bishano na kutaja jina langu pasipo kuogopa. Lakini kwanza tuwapatie wengine haki yao.

Wazee wako na Pierre Kalala Mukendi. Mwaka wa 1968, ku Addis-Abeba, finale ya Kikombe cha Afrika iliisha 1-0 juu ya Ghana, na ile goli moja ilikuwa yake. Ilikuwa mara ya kwanza inchi yetu kubeba kile kikombe. Mu miaka ileile TP Englebert, ekipe yenye leo tunaita Mazembe, ilikamata kikombe cha Afrika cha wakilabu mara mbili kwa kufuatana, 1967 na 1968. Muzee mwenye aliona ile balo na macho yake, usimubishie sana.

Wadogo wao wako na Trésor Mputu. Mu 2009 CAF ilimuchagua kuwa muchezaji wa kwanza kati ya wale wote wenye kucheza humu humu mu Afrika. Mu 2010 FIFA ikamufungia mwaka muzima juu ya fujo na arbitre ku Kigali, kwa hiyo hakukuwa Abu Dhabi.

Mwenye alikuwa Abu Dhabi ni Robert Kidiaba. Desemba 2010, Mazembe ilipiga Pachuca ya Mexique 1-0, kisha Internacional ya Brésil 2-0, na gardien wetu hakuruhusu hata goli moja mu zile balo mbili. Hakuna ekipe ingine, inje ya Ulaya na Amerika ya Kusini, yenye ilikuwa imefika mu finale ya Kikombe cha Dunia cha wakilabu mbele yetu. Inter ya Milan ilitushinda 3-0, lakini dunia muzima ilikuwa imeona Kidiaba akiruka-ruka na matako mu majani. Miaka tano kisha, mu 2015, alikuwa angali pale wakati Mazembe ilikamata kikombe cha Afrika mara ya tano.

Na wenye kuangalia mbali wanasema Dikembe Mutombo. Misimu 18 mu NBA, mara ine alichaguliwa kuwa mulinzi wa kwanza wa mwaka. Na na feza yake, mamilioni ya dola, alijengesha hospitali ku Kinshasa yenye kubeba jina la mama yake. Alikufa Septemba 2024, na hata wale hawajuake sheria za basketi walilia.

Wote wako wakubwa. Lakini mimi jina langu ni Ndaye Mulamba.

Ninasikia kelele tayari: «Eh yaya, ule wa V.Club? Mutoto wa Luluabourg?» Ndiyo, ule ule. Ngojeni nieleze.

Mu mugodi hatupimake mutu na sauti yake. Kapita mwenye akili anauliza vitu vitatu: ulitosha nini, ulitosha wakati gani, na jiwe lilikuwa nguvu namna gani? Tumupime Ndaye na kipimo hicho.

Alitosha nini? Magoli 9 mu Kikombe cha Afrika kimoja tu, kile cha mwaka wa 1974 ku Misri. Kisha yeye walikuja wafungaji wa Cameroun, wa Ivory Coast, wa Nigeria, watu wenye wanalipwa mamilioni Ulaya. Ile 9 hakuna mwenye aliifikia mpaka leo.

Wakati gani? Mu nusu-finale, Misri, wenyeji, walikuwa wanaongoza 2-0 mbele ya watu wao. Tukarudi, tukashinda 3-2, na magoli mbili kati ya zile tatu zilikuwa za Ndaye. Finale na Zambia iliisha 2-2: zote mbili zetu, Ndaye. Wakairudilia siku mbili kisha, tukashinda 2-0: zote mbili, Ndaye. Ni kusema, mu finale yote, na ile ya kurudilia, hakuna mutu mwengine wa inchi yetu mwenye alifunga.

Na jiwe? Wacheza balo wa wakati ule hawakukuwa na mukataba kama wa leo, wala munganga wa kuwafuata kila mahali na mashine. Kuumia ilikuwa kuumia.

Sasa wenye kubisha wanaleta mambo mawili. La kwanza: mu Kikombe cha Dunia cha mwaka uleule ku Ujerumani, Yougoslavie walitupiga 9-0. Ni kweli. Lakini mu ile balo Ndaye alitolewa na karte nyekundu mapema, mu nusu ya kwanza, juu ya kosa lenye hakufanya. Ilunga Mwepu njo alimupiga arbitre teke, arbitre akachanganya watu. Huwezi kumupima mufanyakazi na zamu yenye walimufukuza ku mulango.

La pili ni lile la kwao: si wa kwetu. Lakini mu ile ekipe ya Misri, gardien alikuwa Kazadi wa Mazembe. Bwanga alikuwa wa Mazembe, mwenye mwaka mumoja mbele, mu 1973, alichaguliwa kuwa muchezaji wa kwanza wa Afrika. Na Mwepu pia wa Mazembe. Wale walikaba nyuma, Ndaye akafunga mbele. Mu shimo, wakati nguzo inaanza kulia, hakuna mwenye anauliza mwenzake alizaliwa mu jimbo gani.

Mpaka hapa tulibishana juu ya magoli. Lakini iko sababu ingine yenye inanifanya nichague Ndaye, na ile inatugusa sisi watu wa migodi kupita wengine.

Mu 1994, CAF ilimwita Tunis kumupa heshima juu ya kazi yake. Aliporudi kwetu, watu wenye silaha walimufuata na kumupiga risasi ku muguu. Ule muguu wenye ulitufungia magoli 9! Akakimbilia Afrika ya Kusini. Mu 1998, ku Burkina Faso, mu Kikombe cha Afrika, kiwanja kizima kilisimama dakika moja ya kunyamaza juu yake. Habari ilikuwa imetembea kwamba alikufa mu ajali ya mugodi wa almasi ku Angola.

Hakukuwa amekufa. Alikuwa anaishi Afrika ya Kusini, mu umasikini, na mu Cape Town alikuwa mutu wa kulinda magari ya watu ku parking. Walimulilia, lakini ni nani alimutafuta? Alikufa kweli mwezi wa kwanza 2019, ku Johannesburg, na miaka 70. Mwili ukarudishwa Kinshasa, hotuba zikasemwa.

Nyinyi wenye baba zenu walitoka Gécamines mu «départs volontaires» za 2003, zaidi ya watu 10 000, munajua hii hadisi pasipo kuelezewa. Mutu anapana mugongo wake miaka makumi mbili, makumi tatu. Anapewa bahasha, anapewa mukono, kisha jina lake linafutika ku orodha. Siku ya mazishi njo watu wanakumbuka kama alikuwa mufanyakazi wa nguvu.

Angalieni tena Mutombo. Alikuwa na roho nzuri, hakuna mwenye anabisha. Lakini aliweza kujenga hospitali sababu kule kwenye alifanya kazi jasho lake lililipwa, na likaandikwa. Ndaye naye alitoka jasho, kwa bendera yetu. Ni nani anajua angejenga nini kama angelipwa sawasawa? Kwa hiyo hatuwezi kusema Mutombo ni mukubwa zaidi juu alipana zaidi, pasipo kuuliza ni nani alipewa na ni nani alinyimwa.

Kumuita mutu mukubwa ni deni. Na wenye kulipa lile deni wako: kilabu, federasyo, Serikali, na sisi wenye kununua tikiti.

Kilabu kubwa zinaweza kutenga kidogo ya feza ya mulango, mara mbili tatu kwa mwaka, juu ya wachezaji wao wa zamani. Muchezaji aandikwe ku CNSS kama vile mufanyakazi mwingine, sababu kucheza ni kazi, na muguu unachoka mbele ya mikono. Na wewe papa, wewe mama, kama mutoto wako anaitwa na kilabu, usifurahie viatu vipya tu. Omba mukataba ulioandikwa, soma mahali wanasema juu ya kuumia, na uchunge kopi nyumbani, pamoja na kartasi zako za mushahara.

Tuendelee kubishana, ni tamu. Anayetaka Kidiaba ashike Kidiaba, anayetaka Kalala ashike Kalala. Lakini kuko wachezaji wa zamani wenye bado wako wazima mu mitaa yetu, ku Kenya, ku Katuba, ku Likasi, ku Kolwezi, wengine hatuna hata habari yao. Mutu akitaja jina la mukubwa wake, mumuulize papo hapo: na ule muzee, leo anakula nini?