Kalemie: Maumivu ya taya yasiyoisha, na jino lisilo na kosa

Chukua mufano wa mama anayeuzisha mikebuka pembeni ya ziwa, hapa Kalemie. Tangu miezi minne anaamuka asubui mataya yamekaza. Akipiga miayo, kitu kinalia "ka!" mbele ya sikio. Kutafuna muhindi wa kuchoma imekuwa shida, kichwa kinamuuma upande mumoja, na sikio linauma ijapokuwa halitoki usaha. Jirani anamuambia: "Ni jino hilo, enda walitoshe." Anaenda, jino la nyuma linatoshwa. Kidonda kinapona, lakini maumivu yanabaki palepale. Mwezi unaofuata anaambiwa kwamba shida iko katika jino la pembeni.

Mama huyo ni mufano tu, lakini waganga wa meno katika inchi mingi wanaijua safari hiyo. Ugonjwa wa kiungo cha taya unajificha nyuma ya jino, nyuma ya sikio na nyuma ya kichwa. Mahali ambapo waganga wa meno ni wachache, mugonjwa anaweza kupoteza meno mazima mawili ao matatu mbele mutu yeyote hajamugusa kwenye taya. Na jino la mutu mukubwa likishatoka, halirudi.

Kiungo kinachodanganya

Weka kidole mbele kidogo ya sikio, kisha fungua na kufunga kinywa. Kile kinachotembea chini ya kidole ndicho kiungo cha taya. Kinazunguka kama bawaba ya mulango, na tena kinateleza kwenda mbele wakati kinywa kinafunguka sana. Kati ya mifupa miwili muko kisahani laini kinachozuia mifupa isisuguane. Misuli ya kutafuna inakishikilia, kuanzia shavuni mpaka kandokando ya kichwa.

Maumivu yanaweza kutoka katika kiungo chenyewe, ao katika kisahani kilichohama mahali pake, ao katika misuli iliyochoka. Mushipa unaopeleka maumivu ya taya kwenye ubongo ni uleule unaopeleka maumivu ya meno na ya uso. Ndiyo sababu mugonjwa anaweza kuonyesha kwa kidole jino lisilo na kosa lolote, na hasemi uongo: pale ndipo anaposikia maumivu.

Mara mingi hakuna sababu moja tu. Kuna wanaosaga meno usiku bila kujua, na wanaokaza meno muchana juu ya mawazo. Kuna waliopigwa usoni ao waliopata ajali ya pikipiki. Kuna wenye ugonjwa wa viungo unaoshika pia magoti na vidole. Desturi ya kufungua chupa kwa meno ao kutafuna miwa saa zima haisaidii. Marekani, taasisi ya taifa ya utafiti wa meno inakadiria kwamba kati ya watu 100, watu 5 mpaka 12 wana shida hiyo, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Sauti ya "ka!" peke yake, bila maumivu na bila kinywa kukwama, si ugonjwa wa kutibiwa. Watu wengi wanaishi nayo mpaka uzeeni bila shida.

Kwa nini watu wanaishia kwenye koleo

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu kwamba katika Afrika, kati ya 2014 na 2019, kulikuwa waganga wa meno kama 3 tu kwa watu 100,000. Hesabu ya dunia nzima ilikuwa karibu 33. Yaani Afrika ina sehemu moja kwa kumi ya ile ambayo dunia inayo. Tena katika kila inchi waganga hao wanakaa zaidi katika miji mikubwa. Mutu wa Nyunzu, wa Moba ao wa Manono anajua maana ya hesabu hiyo bila kuambiwa.

Kituo cha afya kinapokea kwanza malaria, kolera, surua, uzazi na watoto wenye utapiamlo. Kalemie ni kati ya miji ya pembeni ya ziwa ambako kolera inarudi mwaka kwa mwaka. Muuguzi mwenye foleni ya watoto wenye homa hana saa ya kuuliza mutu anavyolala na anavyotafuna. Vitu viwili tu viko karibu: koleo na vidonge. Jino linatoshwa, ao mugonjwa anapewa antibiotiki kwa ugonjwa usiotokana na mikrobe. Akitoka hapo anaendelea kununua diklofenaki ao ibuprofeni katika farmasi, wiki baada ya wiki. Dawa hizo zinapunguza maumivu kwa siku chache, lakini mutu akizinywa kwa muda murefu bila kufuatiliwa, zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo.

Safari ya kutafuta munganga wa mbali nayo imekuwa ngumu zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma kisha Bukavu ziliingia mikononi mwa M23, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Mugonjwa wa Tanganyika ambaye angewaza kupanda kuelekea Kivu alijikuta na njia ya Lubumbashi, ya Kinshasa, ao ya kuvuka ziwa kwenda Kigoma. Zote zinaomba pesa ambazo muuza samaki hana. Ndiyo maana swali la kweli kwa wengi si kujua munganga mukubwa yuko wapi. Swali ni kujua kitu gani kinaweza kufanyika hapahapa.

Mawazo yanashuka mpaka kwenye mataya

Vita haivunji taya kwa risasi tu. Mutu aliyekimbia na watoto, anayelala katika nyumba ya jamaa ao katika kambi, asiyejua kesho atakula nini, anaweza kukaza meno muchana kutwa bila kujisikia. Usingizi wake unakatika, na usingizi mubaya unaongeza maumivu. Maumivu nayo yanakata usingizi. Mambo hayo yanafuatana kama kamba inayojifunga yenyewe.

Kusema hivyo si kusema kwamba ugonjwa uko "katika kichwa tu". Misuli inayokazwa usiku na muchana inauma kweli, sawa vile mabega yanauma kisha kubeba mizigo siku nzima. Lakini inaonyesha kwamba kumutosha mama meno wakati mawazo yake hayajaguswa ni kufunga mulango na kuacha dirisha wazi.

Nafuu inayodumu inatoka wapi

Mwezi wa 12 mwaka 2023, jarida la kiganga la Uingereza, BMJ, lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya taya yaliyodumu miezi 3 na zaidi. Watu wengi wangengojea kusoma majina ya dawa mupya na mashine. Lakini matibabu yaliyowekwa mbele ni ya mikono na ya maneno: mazoezi ya taya yanayofuatiliwa na mutu aliyesomea, kunyoosha na kukanda misuli, kurekebisha namna ya kusimamisha shingo na mabega, mazungumzo ya kusaidia mutu kuongoza mawazo na woga wake, na kumueleza mugonjwa vizuri ugonjwa wake. Kwa upande mwingine, mwongozo unakataza kabisa kutosha kisahani cha kiungo kwa upasuaji, na pia vifuniko vya meno vinavyobadilisha milele namna meno yanavyokutana.

Katazo hilo lina historia yake. Katika miaka ya 1980, Marekani, wagonjwa wengi waliochoka na maumivu walikubali kuwekewa ndani ya taya vipandikizi vya Proplast-Teflon. Waliahidiwa nafuu ya milele. Kumbe vipandikizi vile vilikuwa vinavunjikavunjika kwa kutafuna, na mwili ukaanza kula mufupa kandokando yake. Mwaka 1990 wakuu wa dawa na vifaa vya uganga vya inchi hiyo wakavitosha kwenye soko. Kulikuwa wagonjwa waliobaki na maumivu makubwa kuliko yale ya mwanzo. Somo lake linafaa Kalemie pia: wakati mutu amechoka na maumivu, ndipo anaweza kukubali jambo lisiloweza kurudishwa nyuma. Kwa ugonjwa huu, yale yasiyorudishwa nyuma yanapaswa kuja mwisho kabisa, na kwa wengi hayahitajiki.

Kwa wagonjwa wengi, maumivu yanapungua kwa matunzo ya nyumbani yanayofanywa kwa uvumilivu, wiki kwa wiki:

- Kupumuzisha taya. Bukari, ndizi ya kupika, maharagwe, sombe na samaki laini vinaweza kubaki kwenye sahani. Miwa, muhindi wa kuchoma, nyama ngumu na shingamu vingojee. Matonge yakuwe madogo.
- Kuachanisha meno. Wakati mutu hali wala hasemi, midomo ifungwe, lakini meno ya juu na ya chini yasigusane, ulimi ulale juu nyuma ya meno ya mbele. Wengi wanashangaa kuona mara ngapi kwa siku wanajikuta wamekaza.
- Joto. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kisichounguza, kiwekwe shavuni dakika 15 ao 20, mara mbili ao tatu kwa siku.
- Mazoezi ya polepole. Kufungua kinywa bila kulazimisha, ulimi ukigusa juu, mara chache asubui na mangaribi. Kisha kukanda misuli ya shavu kwa vidole. Mazoezi yakizidisha maumivu, yapunguzwe.
- Miayo. Kuweka ngumi chini ya kidevu ili kinywa kisifunguke kupita kiasi.

Vidonge vina nafasi, lakini kwa siku chache na kwa mashauri ya muuguzi. Mwenye mimba, mwenye kidonda cha tumbo ao mwenye ugonjwa wa figo asijitibu na ibuprofeni wala diklofenaki.

Wakati haifai kungojea

Si kila taya linalouma ni shida ya kiungo. Taya linalokazana siku baada ya kidonda, shingo na mugongo vikikauka, linaweza kuwa pepopunda (tetanosi): ni hopitali mara moja. Uvimbe wenye joto na homa unaweza kuwa usaha wa jino, na hapo kweli jino ndilo lenye kosa. Kinywa kikikwama wazi kisha miayo, munganga anaweza kukirudisha kwa mikono; jamaa wasijaribu kukivuta nyumbani. Maumivu ya taya pamoja na kubanwa kifua na kutoka jasho yanaweza kutoka kwenye moyo.

Na kwa mutoto, taya linalovimba haraka lisiachwe. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa anatumika Kampala, Uganda, alieleza kansa inayoshika mataya ya watoto katika maeneo ya Afrika yenye malaria mingi. Kansa hiyo inakua mbio sana, lakini inasikia dawa ikigunduliwa mapema. Kumutosha mutoto huyo meno yanayolegea ni kupoteza siku ambazo hana.

Kinachowezekana Kalemie

Sehemu kubwa ya matibabu haya haiombi mashine wala munganga wa kutoka mbali. Mafundi wa kukanda na kunyoosha viungo, ambao watu wanaita "kine", wanajua tayari kazi ya magoti na mabega ya watu wa ajali. Taya nalo ni kiungo. Wasaidizi wa kisaikolojia wanaosikiliza waliokimbia vita wanaweza kuuliza ulizo moja zaidi: "Asubui unaamuka mataya yamekaza?" Muuguzi wa kituo cha afya anahitaji dakika tano mbele ya kumutuma mutu kwenye koleo. Aangalie kama jino limetoboka ao ufizi umevimba. Aulize kama maji baridi ao sukari inaamusha maumivu. Kwa kawaida jibu la ndiyo linaelekeza kwenye jino. Aguse kiungo na misuli ya shavu. Kisha aombe mugonjwa kuweka vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele. Visipoingia, ao misuli ikiuma ikiguswa na meno yote yakiwa mazima, koleo lingojee.

Mugonjwa naye ana haki ya kuuliza, mbele ya kukaa kwenye kiti: "Mumeona nini katika jino hili?" Kama hakuna tundu, hakuna usaha na hakuna jino lililovunjika, anaweza kuomba wiki chache za kujaribu joto, chakula laini na mazoezi. Akishindwa kupata nafuu, atakuwa hajapoteza kitu, na jino litakuwa lingali mahali pake.

Mama wa mikebuka angepona hivyo? Pengine si kabisa. Ugonjwa huu unaweza kupumuzika na kurudi, zaidi katika majira ya shida. Lakini kujua kurudi kwake, kujua cha kufanya siku inaporudi, na kuendelea kutafuna kwa meno yake mwenyewe, ndiyo nafuu inayodumu kwa wengi wenye ugonjwa huu, Kalemie na kwingineko.